Waliingia wangapi? Kisa cha familia ya Tanga iliyolinganisha vyuo viwili vya afya

Kisa hiki ni cha familia moja ya Tanga mjini. Majina hayatajwi, na baadhi ya mambo yanayoweza kuwatambulisha, zikiwemo shughuli za wazazi na mahali vyuo vilipo, yamebadilishwa kidogo. Nilihusika kama mwalimu wa ushauri wa masomo, na familia imeridhia kisa kiandikwe ili wazazi wengine wajifunze.

Usuli

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Januari 2019. Binti alipata daraja la tatu: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Hisabati F. Kwa alama hizo kidato cha tano kilikuwa mbali, lakini mlango wa stashahada za afya ulikuwa wazi. Kozi hizo hutaka angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia na Baiolojia, na kwa uuguzi Fizikia pia.

Mama hununua samaki alfajiri na kuwakaanga jioni. Baba hufanya kibarua bandarini; meli ikija kuna pesa, isipokuja hakuna. Ukiacha binti huyu, wako watoto wengine wawili shuleni. Mama alikuwa na akiba ya 1,400,000 kwenye kikoba, ambayo angeipata mgao utakapofanyika mwezi wa saba.

Mjomba wa binti, anayeishi Dar es Salaam, alituma kwa simu picha ya tangazo la chuo kimoja binafsi cha huko. Nitakiita Chuo A. Kilikuwa na stashahada ya famasi, ada 1,300,000 kwa mwaka, na maandishi makubwa mekundu: "Asilimia 95 ya wahitimu wetu wana ajira." Mjomba akaongeza kwamba mkupuo wa udahili wa Machi unakaribia kufungwa na kwamba binti atakaa kwake. Alikwisha kuongea na mtu wa udahili.

Mama alikuwa amesikia habari za chuo kingine, Chuo B, kilicho wilaya nyingine ya mkoa huohuo wa Tanga. Ni chuo cha uuguzi na ukunga kilicho chini ya hospitali ya shirika la dini. Ada yake ilikuwa 1,900,000, bweni na chakula ndani yake.

Njia ya tatu ilikuwa imetupwa kabla sijafika: kozi ya umeme VETA Tanga, chuo cha serikali cha ufundi stadi, ambako ada ya mwanafunzi wa kutwa ilikuwa 60,000 kwa mwaka. Ilijadiliwa jioni moja, ikasemwa ni kazi ya kiume, ikaishia hapo. Nitairudia kwenye uchambuzi.

Hatua ya kwanza: usajili

Tuliangalia kama vyuo vyote viwili vimesajiliwa na NACTE, baraza linalosimamia elimu ya ufundi ambalo leo ni NACTVET, na kama kozi yenyewe imo kwenye kitabu cha mwongozo cha mwaka ule. Vyote vilikuwemo. Hatua hii ni ya dakika chache na hairukwi, kwa sababu chuo chaweza kuwa na usajili halali huku kozi moja kati ya zile kinazotangaza haijaidhinishwa. Ila ikishapita, haikuambii chuo kipi ni bora. Usajili ni ruhusa ya kufundisha tu.

Hatua ya pili: kuandika gharama yote

Mama alikuwa na daftari la mahesabu ya samaki. Tuligeuza tukaanzia nyuma, tukachora safu mbili. Nililomwomba ni moja tu: asiandike ada, aandike pesa yote itakayotoka mfukoni kuanzia siku binti anapopanda basi hadi anaporudi likizo.

Tuliagiza fomu za kujiunga za vyuo vyote viwili, maana huko ndiko michango hujificha. Kulikuwa na ada ya mtihani wa wizara, 15,000 ya uhakiki wa ubora inayokwenda kwa baraza, bima ya afya 50,400, sare za mazoezi hospitalini, viatu, kitambulisho, kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, mchango wa serikali ya wanafunzi, na tahadhari ya uharibifu. Kwa Chuo A jumla ilikaribia 380,000 kwa mwaka, kwa Chuo B 350,000.

Kisha maisha. Chuo A hakikuwa na bweni. Chumba cha kuchangia na mwenzake Dar kilikuwa 40,000 kwa mwezi, miezi kumi ni 400,000. Chakula tulikadiria 4,000 kwa siku, siku 270 ni 1,080,000. Nauli za daladala na za kwenda na kurudi Tanga, 120,000. Chuo B kilihitaji nauli 50,000 na matumizi madogo 200,000, basi.

Tukajumlisha. Chuo A: 3,280,000 kwa mwaka. Chuo B: 2,500,000. Kwa miaka mitatu ni 9,840,000 dhidi ya 7,500,000. Chuo ambacho kwenye tangazo kilikuwa nafuu kwa laki sita kwa mwaka kilikuwa ghali zaidi kwa 780,000. Mama alirudia kujumlisha safu ya kwanza kwa kidole, kimya, halafu akauliza: "Kwa hiyo lile tangazo limeniambia nusu?" Ilikuwa chini ya nusu.

Hapa ndipo mjomba alipoingia, na kwa haki kabisa. Binti akikaa na kula kwake, chumba na chakula vinaondoka, na Chuo A kinashuka hadi 5,400,000 kwa miaka mitatu. Kwa hiyo uamuzi mzima, kwa upande wa pesa, ulining'inia kwenye ahadi ya mtu mmoja.

Tulizungumza juu ya ahadi hiyo kwa adabu lakini bila kuizunguka. Mjomba ana nyumba ya vyumba viwili na watoto wanne. Kutoka kwake hadi chuoni ni daladala mbili, na mazoezi ya hospitali huanza asubuhi sana. Mama alisema, "Kaka yangu ana moyo, lakini anayepika pale ni mke wake, na yeye hakuulizwa." Akampigia simu wifi yake mwenyewe. Maongezi yalikuwa marefu, mengi yakiwa ya kujuliana hali, na jibu lilikuja kwa upole: binti anakaribishwa mwaka wa kwanza, baadaye wataona. Tukaandika hivyo daftarini: mwaka mmoja wenye uhakika, miwili isiyo na uhakika. Kwa mpangilio huo Chuo A kilikuwa 8,360,000, bado juu ya Chuo B.

Hatua ya tatu: kuitafuta ile asilimia 95

Nililiona tangazo lile kwa hadhari tangu mwanzo, lakini hadhari si ushahidi. Tulipiga simu Chuo A na kuuliza: asilimia 95 ya kina nani, na kazi gani?

Afisa udahili alijibu bila kuficha. Takwimu ilitoka kwenye fomu ambayo mhitimu hujaza siku anapokuja kuchukua cheti. Fomu inauliza kama anafanya kazi mahali popote, na anayejitolea hospitalini bila mshahara hujaza ndiyo.

Majibu hayo yana matobo mawili. La kwanza linaonekana: kujitolea si ajira. Vijana wengi wa afya huanza hivyo, hupewa nauli au hawapewi kitu, na wanastahili heshima kwa hilo, lakini mama anayekopa ili kulipa ada anataka kujua mshahara. Tobo la pili limejificha zaidi. Nani huja kuchukua cheti? Mara nyingi ni yule aliyekwisha kuitwa mahali na kudaiwa cheti. Asiyeitwa popote haoni haraka ya kupanda basi, na mwenye deni la ada hapewi cheti hata akija. Fomu ile iliwauliza waliofanikiwa kama wamefanikiwa.

Ndipo tukatafuta watu. Binti alimpata kwa shoga yake kijana mmoja aliyesoma famasi Chuo A. Kijana alikuwa bado ndani ya kundi la WhatsApp la darasa lake, lile waliloanzisha wiki ya kwanza. Alikuwa na orodha ya waliojiandikisha: 68. Waliofanya mtihani wa mwisho walikuwa 39.

Namba hii haikuwa kwenye tangazo lolote. Wanafunzi 29 walilipa ada ya muhula mmoja, miwili, mitatu, kisha wakatoweka. Tuliwapata watatu wao kwa simu. Mmoja alidisko, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa pili. Wawili hawakuwa na tatizo la masomo. Mmoja wao, binti wa Handeni, alituambia: "Mimi sikufeli, nilimaliza pesa." Alizuiwa kuingia kwenye mtihani kwa deni la 420,000, muhula ukampita, kodi ya chumba ikampita, akarudi nyumbani na deni na matokeo ya nusu mwaka.

Kati ya wale 39 tuliwapata 24, wengi kwa ujumbe wa sauti. Waliokuwa na kazi ya mshahara walikuwa 11: tisa kwenye maduka ya dawa na famasi binafsi, wawili serikalini. Sita walikuwa wanajitolea. Saba walikuwa na shughuli nyingine, mmoja akiendesha bodaboda.

Kwa Chuo B mama alikwenda mwenyewe. Alipanda basi stendi ya Kange asubuhi, akaomba kumwona matroni anayesimamia wanafunzi. Alimkuta mtu mwenye rejista ya mkono iliyotunzwa vizuri. Darasa lililomaliza karibuni waliingia 42, wakamaliza 37.

Halafu mama akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimemfundisha, na ndilo bora kuliko yote yaliyoulizwa katika kisa hiki: "Dada, hawa walioingia na D kama za mwanangu, wako wapi?"

Matroni alivaa miwani na kurudi kwenye kurasa za udahili. Chuo B kilikuwa na usaili, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa na C katika sayansi. Walioingia na D mbili au zaidi walikuwa 11. Tisa walimaliza, baadhi yao baada ya sapu (mtihani wa marudio), mmoja baada ya kurudia mwaka.

Kwa msaada wa matroni tuliwapata wahitimu 21 wa darasa lile. Wenye mshahara walikuwa 12: watano kwa mkataba hospitalini palepale, wanne serikalini, watatu kwenye hospitali na zahanati binafsi. Saba walikuwa wanajitolea. Wawili walikuwa nyumbani.

Uamuzi na sababu zake

Ukitazama waliomaliza tu, vyuo havikuachana sana: 11 kati ya 24 dhidi ya 12 kati ya 21. Watu ni wachache mno, na simu mbili zaidi zingeweza kubadili picha. Nilimwambia mama waziwazi kwamba kwa namba hizi hatuwezi kusema B inaajirisha kuliko A.

Tofauti ilikuwa kwenye kumaliza. Chuo A 39 kati ya 68, Chuo B 37 kati ya 42. Kwa familia ambayo kipato chake hupanda na kushuka na meli, hatari kubwa ilikuwa binti kuishia njiani akiwa na deni na bila cheti. Hatari ya kukosa ajira ilikuwa sawa pande zote, lakini ile ya kuishia njiani haikuwa sawa hata kidogo. Bweni na chakula ndani ya ada kulimaanisha kwamba mwezi mbaya wa baba usingemfanya binti alale njaa ugenini.

Walichagua Chuo B, mkupuo wa Septemba, mgao wa kikoba ukishatoka. Kuuacha mkupuo wa Machi kuliwatia mashaka, kwa sababu mtu wa udahili alikuwa akipiga simu kila baada ya siku chache akisema nafasi zinaisha. Mjomba aliarifiwa na dada yake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa maneno ya shukrani, na akaombwa badala yake asaidie sare na viatu. Alikubali. Aliona ana sehemu yake.

Kilichotokea

Binti alianza Septemba 2019. Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi. Chuo hakikurudisha pesa za chakula cha miezi ile, ila kilizihamishia muhula uliofuata baada ya wazazi kuomba kwa barua. Mwaka wa kwanza alipata sapu ya somo moja, akaifuta.

Mwaka wa pili baba alikaa miezi bila kibarua. Mama alikwenda kwa mhasibu wa chuo kabla deni halijaiva, akaandikishiana naye malipo ya awamu nne, na binti akaruhusiwa kufanya mtihani. Alimaliza 2022. Jumla ya gharama ilifika 7,900,000, laki nne juu ya makadirio.

Kisha ulikuja mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambao bila kuufaulu mhitimu hawezi kufanya kazi kama muuguzi. Alifaulu. Alijitolea kituo cha afya kwa miezi saba, akipewa nauli tu, kisha akapata mkataba kwenye zahanati binafsi kwa 350,000 kwa mwezi. Ameomba ajira za serikali mara mbili kupitia mfumo wa TAMISEMI na hakuchaguliwa. Hadi naandika bado yuko zahanati, na anamsaidia mama kulipia wadogo zake.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kuhesabu kuanzia mlangoni. Asilimia yoyote ya ajira inayotangazwa na chuo ina watu walioachwa nje yake, na kazi ya mzazi ni kuwatafuta hao kwanza. Mwanafunzi aliyekatishwa masomo hayumo kwenye takwimu za wahitimu, lakini pesa za wazazi wake zimo kwenye akaunti ya chuo. Ningependa kuona kila chuo kikilazimika kubandika namba mbili ubavuni mwa ada: walioingia na waliomaliza. Hadi hilo lifanyike, kundi la WhatsApp la darasa la miaka mitatu iliyopita litakuwa chanzo bora kuliko brosha.

Swali la mama kwa matroni nalo lilizuia kosa ambalo hata wachambuzi wa elimu hulifanya. Chuo kinachopokea wenye alama nzuri kitamalizisha wengi hata kikifundisha kawaida tu. Namba 37 kati ya 42 pekee ingeweza kumdanganya mama akidhani ni uhodari wa chuo, kumbe sehemu yake ni ubora wa waliochujwa kwenye usaili. Alipouliza kuhusu walio kama mwanawe, 9 kati ya 11, alipata jibu linalomhusu.

Kumpigia wifi simu kulikuwa na thamani ya zaidi ya milioni. Msaada wa ndugu ni mtaji halisi katika hesabu za elimu kwetu, lakini uandikwe kwa kiasi kilichothibitishwa na mwenye jiko.

Na ile safari ya kwa mhasibu mwaka wa pili. Binti wa Handeni alizuiwa mtihani kwa 420,000, na wakati mmoja deni la binti wetu lilikuwa kubwa kuliko hilo. Mama alifika mapema na kuandikishiana. Nadhani pia alikuwa na pa kwenda: chuo kilichokuwa mwendo wa basi moja. Umbali wa chuo na nyumbani hauingizwi kwenye hesabu za thamani, nami naamini unastahili kuingizwa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Hesabu ya familia ilikoma siku ya mahafali. Miezi ya kusubiri mtihani wa leseni, ada za usajili wa baraza, na miezi saba ya kujitolea akila nyumbani, vyote havikuwa daftarini, na ndivyo vilivyomuumiza mama zaidi kwa sababu hakuvitarajia. Kozi ya afya ya miaka mitatu ihesabiwe kama minne.

VETA ilitupwa bila simu hata moja. Sisemi binti angefanya vizuri zaidi kwenye umeme; hakuna anayeweza kusema hivyo, na yeye mwenyewe alipenda uuguzi. Lakini familia iliyotumia wiki nyingi kulinganisha 7,500,000 na 9,840,000 haikutumia hata saa moja kwenye njia ya 60,000 kwa mwaka, mjini kwao, mwanafunzi akilala nyumbani, katika mji wenye bandari na viwanda vya saruji. Sababu iliyotolewa ilikuwa jinsia ya mtoto. Ulinganisho wa thamani unaoanza baada ya kuondoa chaguo la bei ndogo kuliko zote haujakamilika, hata kama jibu lake lilitokea kuwa zuri.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada, jambo ambalo familia hii haikuwa nalo. Anayefanya hesabu kama hii leo aongeze safu ya mkopo, kwa masharti mawili. Mikopo hiyo inatolewa kwa kozi zilizotajwa kuwa za kipaumbele, si kila kozi ya afya, kwa hiyo jina la kozi lisomwe kwenye mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuandika shilingi yoyote. Na hata kozi ikiwemo, ada ya kuanzia na nauli ya kwanza viwepo mkononi, maana chuo hudai siku ya kuripoti, na mkopo huja baada ya mwanafunzi kusajiliwa.